SOMO LA AFYA NA MAZINGIRA: Udongo husukuma. Kagua kuta za shimo kabla ya mvua



Sisi sote hutazama paa mvua ikikaribia. Tunapanda juu, tunakaza misumari, tunabadilisha turubai iliyochanika. Lakini kuna ukuta mmoja ambao ni wachache wanaoutazama, kwa sababu uko chini ya miguu yetu: ukuta wa shimo la choo. Hapa Nakivale kuna mashimo ya udongo mtupu, kuna ya matofali ya kuchoma, na katika shule, vituo vya afya na sehemu za zamani za kambi kuna mashimo na matangi yenye kuta za zege yaliyojengwa miaka mingi iliyopita. Kambi hii ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950. Zege la zamani haliogopeshi watu, kwa sababu linaonekana gumu. Somo la leo ni juu ya kuta hizo: kwa nini zinabomoka, dalili zake ni zipi, na namna ya kuzitegemeza kabla hazijaanguka.

Kwa nini jambo hili limeletwa kwenye gazeti la afya badala ya gazeti la mafundi? Kwanza, choo kikititia kinaweza kuondoka na mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mtoto. Pili, viwango vya Sphere ambavyo mashirika ya misaada hufuata vinasema choo kimoja kitumiwe na watu wasiozidi 20. Choo kimoja kikianguka, wale 20 wanahamia kwa majirani, foleni inakuwa ndefu, na usiku watu wanakwenda vichakani. Mvua inachukua kinyesi kutoka mlimani na kukipeleka bondeni, kwenye visima na kwenye ziwa ambalo maji yake tunayategemea. Wengi wenu mnakumbuka Februari 2018, wakati kipindupindu kilipotangazwa wilaya ya Hoima, kwa ndugu zetu waliokuwa wakivuka Ziwa Albert kutoka Ituri na kwa wenyeji wao. Waliougua walipita 2,000. Choo kinachosimama wakati wa mvua ni sehemu ya kinga, sawa na sabuni na maji safi.

Udongo unasukuma vipi?

Chukua katoni ya sabuni. Kata upande mmoja, kisha urudishe upande huo mahali pake bila kuugundisha, uushike kwa mkono. Jaza mchanga mkavu ndani. Utasikia mkono wako unasukumwa. Chini unasukumwa zaidi kuliko juu. Sasa mwaga kikombe cha maji juu ya mchanga, halafu kingine. Usipokaza mkono, upande ule unafunguka na mchanga unamwagika wote miguuni pako. Fanyeni jaribio hili na watoto, wanalipenda, na wakubwa nao wanajifunza.

Hivyo ndivyo shimo lilivyo. Udongo haukandamizi kwenda chini peke yake. Unasukuma ubavuni pia, na kila unaposhuka msukumo unaongezeka. Udongo mkavu wa kawaida husukuma ubavuni kwa karibu theluthi moja ya uzito wake. Tuchukue shimo la choo cha shule lenye kina cha mita 3 na ukuta wenye urefu wa mita 2. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa karibu kilo 1,700. Ukipiga hesabu, ukuta huo mmoja unasukumwa kwa nguvu ya karibu tani 5. Ni sawa na mifuko 100 ya saruji, yote inaegemea ukuta ule usiku na mchana. Na ukuta ulio mbele yake unasukumwa vivyo hivyo kutoka upande wa pili.

Sasa mvua inyeshe siku nyingi, maji yajae nyuma ya ukuta hadi juu. Maji hayana huruma ya theluthi. Maji husukuma kwa uzito wake wote. Hesabu ile ile inapanda hadi karibu tani 12, yaani mifuko 240. Ukuta ni ule ule, nondo zile zile, fundi yule yule. Kilichobadilika ni maji tu. Kwa hiyo mtu akisema choo chake "kilikuwa kizuri miaka kumi, sijui kimerogwa na nani," mwulize maji ya mlimani yanapita wapi.

Udongo wa mahali nao una tabia yake. Juu milimani kuna changarawe na udongo mwekundu ulioshikamana. Shimo lake hukaa. Bondeni kuelekea ziwa na vinamasi kuna udongo mweusi wa mfinyanzi. Huu wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono unaingia, na mvua ya kwanza inaingia moja kwa moja kwenye nyufa hizo mpaka nyuma ya ukuta. Halafu udongo wenyewe unavimba. Ukiwa na ploti bondeni, usiige shimo la mtu wa mlimani.

Shimo tupu ni hatari kuliko shimo lililojaa

Jambo hili linawashangaza watu wengi, kwa hiyo tulieleze polepole. Shimo likiwa limejaa, uchafu ulio ndani nao unasukuma ukuta kutoka ndani kwenda nje. Udongo unasukuma huku, uchafu unasukuma kule, ukuta unakaa katikati umetulia. Siku gari la kunyonya linapokuja kutoka Mbarara na kutoa kila kitu, msukumo wa ndani unaondoka kwa saa moja. Udongo wa nje haujaondoka. Ukuta wa zamani ambao kwa miaka mingi ulikuwa ukisaidiwa na uchafu, leo unaachwa peke yake. Mara nyingi huanguka hapo hapo au baada ya mvua ya kwanza.

Tangi la maji lililochimbiwa chini lina kanuni hiyo hiyo. Usilimalize maji yote ili kulisafisha wakati wa mvua. Lisafishe kiangazi.

Tena kuna slabu. Watu hudhani slabu ni ya kusimamia tu. Hapana. Slabu iliyokaa vizuri juu ya kuta mbili ni mhimili unaozuia kuta hizo zisikutane. Chini sakafu ya shimo inazuia, juu slabu inazuia, na ukuta unapata pa kushikilia pande zote mbili. Ukivunja slabu ili upate nafasi ya kuchotea uchafu, umeondoa kizuizi cha juu, na ukuta umebaki kama jino lililolegea. Kadhalika zile kuta ndogo za ndani zinazogawa shimo refu la shule katika vyumba: msizitoboe wala kuzibomoa ili bomba la gari lifike mbali. Ndizo zinazoshikilia kuta ndefu.

Dalili za ukuta unaosukumwa

Huhitaji kuingia ndani ya shimo, na tunasema wazi: USIINGIE. Subiri mchana jua likiwa kali, ondoa kifuniko, shika kioo cha kujitazamia na uelekeze mwanga wa jua ndani ya tundu. Kioo kidogo cha kunyolea ndevu kinatosha. Utaona ukuta wa ndani kuliko kwa tochi.

Ufa unaolala, unaokwenda kulia na kushoto karibu na katikati ya ukuta au chini kidogo, ndiyo dalili mbaya kuliko zote. Maana yake ukuta umeanza kupinda kuelekea ndani. Ukiona na tumbo, yaani ukuta umevimba, usingoje. Nyufa za kusimama kwenye pembe zinaonyesha kwamba kuta zimeanza kuachana. Katika ukuta wa matofali ufa huenda kama ngazi, ukifuata viungo. Madoa ya rangi ya kutu kwenye zege, au zege linalomenyuka kama ganda, yana maana kwamba maji yamefika kwenye nondo. Chuma kikipata kutu huvimba, na kinapovimba kinapasua zege kutoka ndani.

Juu ya ardhi pia kuna dalili: udongo unaodidimia kuzunguka slabu, slabu iliyoinama, mlango wa choo uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unagoma.

Kama huna uhakika, pima. Penye tundu la kukagulia la choo cha taasisi au mdomo wa tangi, kata ufito ulio sawa kabisa na nafasi kati ya kuta mbili, uupime ukiwa juu, uuhifadhi nyumbani. Baada ya mwezi mmoja ujaribu tena. Kama ufito haupiti tena, kuta zimesogeleana. Kwa ufa unaoonekana juu, chora mstari wa penseli mwisho wa ufa na uandike tarehe. Ufa ukipita mstari, ufa unatembea. VHT au mwalimu wa shule anaweza kutunza daftari la vipimo hivi. Ni kazi ya dakika tano.

Neno moja kuhusu plasta. Tumeona watu wakiziba ufa kwa saruji nyembamba na kusema choo kimepona. Plasta ni nguo, inaficha kidonda. Inazuia hata wewe usione ufa unavyoendelea.

Kwanza ondoa maji, ndipo utegemeze

Kabla ya kununua ubao hata mmoja, chukua jembe. Upande wa juu wa mteremko, mita moja na nusu hadi mbili kutoka shimoni, chimba mfereji wenye kina cha sentimita 30 hivi, uupinde kama mkono unaokumbatia choo, upeleke maji mbali upande wa chini. Usiuache maji yakasimama ndani yake, maana mfereji usio na njia ya kutokea ni bwawa la kulisha ukuta. Kuzunguka slabu shindilia udongo uwe na mteremko wa kutoka nje. Maji ya paa na ya bafu yasimwagike nyuma ya choo. Nyufa za kiangazi zijazwe udongo na kushindiliwa kabla ya Septemba. Kazi hii haina gharama na inapunguza zaidi ya nusu ya msukumo, kama hesabu ya mifuko ilivyoonyesha.

Halafu ondoa mizigo. Rundo la mchanga, matofali, kuni au gari likikaa karibu na shimo, uzito wake unashuka kwenye udongo na kusukuma ukuta. Kanuni rahisi: shimo likiwa na kina cha mita 3, mzigo mzito ukae mita 3 au zaidi kutoka ukingoni. Kamati za shule, lisomeni hili mara mbili. Gari la kunyonya lililojaa lina tani nyingi. Mwambieni dereva asimame mbali na avute bomba.

Kutegemeza ukuta wenyewe ni kazi ya fundi, na sehemu hii tunaiandika ili kamati za vyoo na viongozi wa RWC wajue watake nini kwake. Kazi ifanyike kiangazi, Juni hadi Agosti. Slabu isivunjwe. Uchafu usitolewe wote. Katika shimo la mita 3 acheni mita moja ya chini kabisa, kwa sababu hapo ndipo msukumo ni mkubwa zaidi. Kwenye shimo au tangi ambalo linaruhusu kufanyiwa kazi, mbao nene husimamishwa zikiwa zimebana kuta mbili zinazotazamana, juu yake hulazwa boriti kufuata urefu wa ukuta, na kati ya boriti na boriti hukingamishwa magogo ya mkaratusi yenye unene wa sentimita 10 hadi 15, yakikazwa kwa kabari za mti mgumu. Magogo yasiachane zaidi ya mita moja na nusu. Safu ya kwanza huwekwa juu, kisha fundi anashuka hatua kwa hatua akiwa kila mara chini ya sehemu iliyokwisha kukazwa. Anayeanza chini anajichimbia kaburi. Kabari zikaguliwe kila asubuhi, maana mti ukikauka hunywea na kulegea.

Magogo ni dawa ya muda; mti ndani ya unyevu huoza. Dawa ya kudumu kwa tangi zuri ni kuongeza ukuta wa kukatiza katikati, au nguzo egemeo za zege lenye nondo kwa ndani, zikiwa na msingi wake sakafuni. Zege liwe la saruji ndoo 1, mchanga ndoo 2, kokoto ndoo 4, na limwagiwe maji angalau siku saba ili lisikauke haraka. Nguzo iliyobandikwa tu ukutani bila msingi haisaidii. Itasukumwa pamoja na ukuta.

Lakini tuseme ukweli. Kwa choo cha nyumbani chenye ukuta uliokwisha kuvimba, hatushauri kutegemeza. Fedha na nguvu utakazotumia ni bora uzipeleke kwenye shimo jipya. Funga choo kile siku hiyo hiyo kwa miiba na kamba, wazuie watoto, mwone mwenyekiti wa kijiji chako, kisha ulijaze shimo kwa udongo kutoka nje ya ukingo, ukiusukuma kwa jembe refu. Rundika udongo juu uwe kama kichuguu, kwa kuwa utashuka mvua zikija. Migomba hustawi sana mahali hapo.

Hewa iliyo ndani ya shimo

Mtu asishuke kwenye shimo la choo kuokoa simu, mbuzi wala mwenzake bila vifaa. Uchafu unaooza hutoa hewa yenye sumu, mojawapo hunuka kama yai bovu. Ikizidi, pua inakufa ganzi na hunusi tena, ukadhani hewa imesafika. Kumbe pumzi chache tu zimebaki kabla hujaanguka. Wa pili anashuka kumwokoa wa kwanza, naye anaanguka. Kuwasha mshumaa ndani kujaribu hewa pia hapana, kwa kuwa hewa nyingine ya mashimo inawaka moto. Mtu akiwa ndani, piga kelele, mtupie kamba, ita watu wengi, mwite VHT na kituo cha afya. Kama kamba haitoshi, anayeshuka awe amefungwa kamba kifuani inayoshikwa na watu juu, na awe na kifaa cha kupumulia. Kitambaa cha mvua puani hakizuii sumu hiyo.

Ukichimba shimo jipya

Chimba la mviringo. Ukuta ulionyooka unapinda ukisukumwa, lakini duara likisukumwa pande zote, matofali yanabanana na kuzidi kushikana, kama mawe ya tao. Shimo la pembe nne linapendwa kwa sababu ni rahisi kuliwekea magogo juu, nasi tunaelewa, ila bondeni usilichimbe bila kulijengea.

Chimba upana wa mita moja na nusu, ujenge ndani matofali ya kuchoma yaliyoiva vizuri ubakiwe na mita 1.2. Gonga tofali: likilia kama kengele, limeiva, likisema "pu", litayeyuka. Sehemu ya chini acha viungo vya kusimama wazi bila saruji ili maji yapenye na yasibane nyuma ya ukuta. Viungo vya kulala vijazwe. Nusu mita ya juu hadi mita moja ijengwe kwa saruji kila kiungo, na ukuta upande juu ya ardhi sentimita 15 hivi ili mafuriko yasiingie. Nafasi iliyobaki nyuma ya matofali ijazwe changarawe, isiachwe tupu. Shimo kama hili la mita 3, ukiacha nusu mita ya juu, linaweza kutumiwa na familia ya watu 6 kwa miaka saba na zaidi.

Wakati wa kuchimba, udongo uliotolewa utupwe mbali na ukingo, angalau mita moja. Mchimbaji asiwe peke yake, na ngazi au kamba iwe ndani muda wote. Ukiona kokoto ndogo zinadondoka zenyewe kutoka ukutani, toka nje kwanza, utauliza baadaye. Chini ya shimo pabaki angalau mita moja na nusu kabla ya kufikia maji ya ardhini, na choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Ukikuta maji mapema, simama hapo; jenga choo kilichoinuliwa juu ya ardhi badala ya kulazimisha kina.

Maswali ambayo hutuuliza wengi

Mimi ni mama peke yangu, sina nguvu za kuchimba. Nifanye nini? Mwambie VHT wako au mwenyekiti wa RWC akuandikishe. Wazee, wagonjwa, wenye ulemavu na akina mama walio peke yao hupewa kipaumbele katika kuchimbiwa. Wakati unangoja, mfereji wa maji unaweza kuchimbwa na watoto wakubwa kwa siku moja.

Naweza kumwaga majivu na chokaa ili shimo lisibomoke? Majivu hupunguza harufu na nzi. Hayashikilii ukuta.

Choo cha shule yetu kina ufa wa kulala lakini hakuna kingine. Wanafunzi waendelee kukitumia? Hapana. Kifungeni upande huo leo, wekeni daftari la vipimo, peleka habari kwa mwalimu mkuu na kwa ofisi ya kamanda wa kambi kwa maandishi, mkiandika kina cha shimo, mwaka lilipojengwa kama unajulikana, mahali ufa ulipo na maji ya mvua yanatoka upande gani. Barua yenye vipimo hujibiwa haraka kuliko barua yenye malalamiko. Msiite gari la kunyonya kabla fundi hajafika.